Siku ya Tatu, Mwanafunzi Ashike Jembe

"Wewe ni wa ngapi mwaka huu?"

Hilo ndilo swali nililopokewa nalo na mama karanga mmoja katika soko la samaki la Mji wa Kale, Mombasa, asubuhi niliyofika na mkoba wa hojaji begani. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, mkono wake ukiendelea kupaa tafi juu ya ubao. Magamba yakarukia karatasi zangu. Nikamwambia mimi ni mtoto wa hapa hapa, natoka Liwatoni, nasomea uzamili. "Mwanangu, sikukuuliza watoka wapi," akasema. "Nauliza wewe ni mwanafunzi wa ngapi. Maana mwaja, mwauliza, mwenda zenu, na sisi twabaki na samaki wetu." Kisha akafuta mikono kwa leso, akanisogezea kigoda nikae, akanijibu maswali yote thelathini na mawili.

Swali la kumi na nne lilihusu mapato yake ya wiki. "Wiki ipi?" akaniuliza. "Ya bamvua au ya maji mafu? Ya kaskazi au ya kusi?" Sikuwa na jibu. Hojaji yangu iliandikwa kana kwamba wiki zote ni sawa, na mtu wa bahari hahesabu hivyo. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, wanawake hushuka mwambani kutafuta pweza, mikondo huwa mikali na mitego mingine haitegeki vizuri. Siku saba baadaye, maji mafu, bahari ni nyingine na bei ni nyingine. Kusi likivuma katikati ya mwaka, vyombo vidogo hukaa nchi kavu siku nyingi, na anayekaanga samaki hulazimika kununua walioganda kwenye barafu au asikaange kabisa. Haya yote alinieleza huku akiendelea na kazi yake, na mimi nikakata swali la kumi na nne kwa kalamu nikaliandika upya pambizoni. Mwanamke aliyeachia shule darasa la sita alikuwa amenisahihishia utafiti ambao jopo zima la wasomi lilikuwa limeshaupitisha, na hakunidai hata shilingi.

Mama karanga, kwa msomaji wa bara asiyewajua, ni wanawake wanaonunua samaki pwani vyombo vikirudi, wakawakaanga na kuwauza vichochoroni, stendi za matatu na kwenye foleni za feri. Wafanyakazi wengi wa kisiwa hiki hula chakula cha jioni kwa sababu yao. Niliwahoji 96. Kila mmoja alinipa kama dakika arubaini, wengi wao mafuta yakiwa tayari yamechemka karaini. Miaka kadhaa baadaye nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza: ni saa 64. Siku nane kamili za kazi, saa nane kila siku, walizitoa watu ambao siku isiyo na kazi kwao ni siku isiyo na chakula. Walizitoa ili mimi nivae joho.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakizungumzia nafasi za kujitolea kwa wanafunzi wa shahada za juu, swali langu la kwanza ni nani aliyeanza kujitolea. Picha tuliyoizoea ni ya kijana msomi mwenye fulana ya rangi moja na wenzake, anayeshuka mtaani Jumamosi moja kuokota plastiki ufuoni au kupaka rangi ukuta wa shule. Kazi hiyo si mbaya. Lakini anaifanya kama mtu anayetoa, ilhali daftari la madeni, likifunguliwa, litaonyesha kwamba mtaa ulishampa kwanza, tena ulimpa kitu cha thamani sana.

Tasnifu yangu ina jalada jeusi na herufi za dhahabu. Nakala moja iko chuoni, moja kwa aliyenisimamia, moja kabatini kwa mama yangu. Leseni ya utafiti inayotolewa na tume ya sayansi, NACOSTI, humtaka mtafiti ajitambulishe kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu kabla hajaanza, na akimaliza apeleke nakala ya kazi yake kwa tume. Niliyatimiza yote. Sokoni sikurudi. Ilipita miaka mitatu ndipo nikapita pale nikitafuta changu wa kupika nyumbani, na yule mama akanitambua kabla sijamtambua. "Haya," akasema, "majibu yetu yalipata alama ngapi?"

Alisema majibu yetu. Nililipia samaki, nikaondoka, na neno hilo likanifuata Ndia Kuu yote mpaka nyumbani.

Mji huu unalijua tangu zamani jambo hili la wasomi kuishi kwa majibu ya wenyeji. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi kubwa ya lugha hapa Mombasa na aliyefariki 2017, ushairi na maneno aliyachota kwa wazee wake, wala si katika ukumbi wa chuo kikuu. Neno runinga tunalolitumia kila siku linahesabiwa kuwa lake. Miaka nenda miaka rudi watafiti wa humu nchini, wa Ulaya na wa Marekani walibisha hodi kwake wakitaka maana ya neno, wakitaka utenzi uliosahauliwa, wakitaka jina la ubao fulani wa chombo. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, unaoeleza ujenzi wa chombo cha Lamu hatua kwa hatua, ulichapishwa Leiden mwaka 1979 ukihaririwa na Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg, na wahariri hao walifanya uungwana wa kuliweka jina la mwenye maarifa mbele. Ni wangapi wengine, wa Mji wa Kale, wa Pate, wa Vanga, waliobaki kuwa "mhojiwa namba saba" chini ya ukurasa? Wapo mabaharia ambao maelezo yao yamezaa uzamivu, na wajukuu wao hawajui kwamba babu yao yumo kitabuni.

Wazee wetu walituachia methali mbili kuhusu mgeni, na zote zinamhusu mwanafunzi mtafiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pwani yetu ni karimu mno kwa siku mbili za kwanza. Kigoda, chai, kaimati, majibu yote. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wetu hupanga safari yake iishe siku ya pili jioni.

Maoni yangu, basi, ni kwamba mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayetafuta mahali pa kujitolea aanzie pale alipochukua data, na aanze kwa kurudisha alichokichukua. Ambaye utafiti wake ni wa maabara au wa maktaba, aanzie mtaa anaolala. Na kazi atakayoifanya iwe ile atakayoombwa na wenyeji, hata kama ni ndogo kiasi cha kutoingia kwenye wasifu wake wa kutafutia kazi.

Mimi nilichelewa, lakini nilirudi. Niliipunguza tasnifu ya kurasa 140 ikawa kurasa mbili za Kiswahili, na kazi hiyo ilinitoa jasho kuliko sura ya tatu. Nilipojaribu kuandika matokeo yangu kwa maneno ambayo muuza samaki angeyasoma, niligundua kwamba baadhi ya matokeo hayakuwa na kitu ndani. Yalikuwa maneno tu. Tukakutana alasiri, baada ya swala, kwenye baraza ya nyumba moja karibu na Bandari ya Kale. Walikuja kumi na mmoja. Nikasoma. Hawakunipongeza. Mmoja akanisimamisha kwenye hesabu ya faida: "Na barafu je? Na deni la tajiri?" Tajiri, katika biashara hii, ni mwenye mtaji anayewakopesha wavuvi nyavu na mafuta ya mashine, na kwa sababu hiyo ana neno la kwanza kuhusu nani atauziwa samaki na kwa bei gani. Mama karanga asiye na tajiri anayemjua hupata mabaki. Nilikuwa nimeandika faida bila kulitaja deni hilo. Walinisahihisha mara ya pili, nami nikaandika.

Tulipomaliza, mwenye nyumba akaniuliza kama najua kuandika barua ya maombi. Kikundi chao kilitaka kuiandikia ofisi moja kuhusu mtaro wa maji machafu uliokuwa umeziba nyuma ya meza zao, na kwa miezi minne hawakuwa wamepata mtu wa kuiandika kwa namna ambayo ofisi haitaitupa. Niliiandika pale pale gotini, kwa muda wa nusu saa, ikapigwa chapa siku ya pili, wakatia saini na vidole gumba. Miaka miwili ya masomo ya juu, hojaji 96, safari za maktaba, na kitu cha kwanza chenye manufaa nilichoufanyia mtaa ule kilikuwa barua ya ukurasa mmoja kuhusu mtaro. Nasema hivi bila kuidharau elimu yangu. Elimu hiyo ndiyo iliyonifundisha barua hiyo iandikweje.

Liwatoni ninakoishi ni mtaa uliozoea mambo makubwa kupita juu yake. Hapa ndipo kilipo kituo cha uvuvi cha serikali. Hapa ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipozindua kikosi cha walinzi wa pwani Novemba 2018. Hapa ndipo lilipoanzia daraja la kuelea lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021 ili watembea kwa miguu wavuke hadi upande wa Likoni bila kubanana kwenye feri wakati wa korona. Mambo ya aina hiyo huja na watu wenye madaftari, wanaopima, wanaouliza, wanaopiga picha. Mtaa hujibu. Sijui mtaa mwingine kisiwani unaoulizwa maswali mengi kiasi hiki na kuambiwa majibu machache kiasi hiki, na kwa hiyo nina hamu ya pekee kumwona mwanafunzi wa hapa anayebaki.

Na kazi za kubakia zipo. Chukua vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, vilivyopewa nguvu za kisheria kwa kanuni za 2007. Kisheria wavuvi wenyewe ndio wanaosaidia kusimamia ufuo wao: nani anatua, kwa mtego gani, na nini kimevuliwa. Katibu wa kikundi ana daftari. Nimeliona moja kwa karibu. Kurasa zake zimekunjamana kwa maji ya chumvi, safu ya kwanza jina la chombo, ya pili aina ya mtego, jarife au mshipi au dema, ya tatu samaki, ya nne kilo. Wino umetawanyika pale ambapo aliyeandika alikuwa na kidole kibichi. Ni miaka ya maarifa, imo kwenye mfuko wa plastiki juu ya rafu, na hakuna anayeijumlisha kwa sababu hakuna mwenye muda. Kijana mmoja anayesomea takwimu alijitolea kuijumlisha, saa mbili kila Jumamosi, kwa miezi sita. Alichora mistari kwenye karatasi moja kubwa, mstari kwa kila aina ya samaki, akaibandika ukutani. Siku ile wavuvi walibishana kwa kunyoosha kidole kwenye mstari. Mzee mmoja aliufuata mstari wa kolekole polepole mpaka mwisho wa karatasi, akarudi nao mwanzo, kisha akaita mwanawe aje autazame.

Kijana yule alifanya jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi: alimfundisha binti wa katibu kuchora mistari ile mwenyewe. Alipohitimu na kuondoka, karatasi ya ukutani haikusimama.

Mikoko nayo inahitaji kazi ya kubakia ya aina hiyo hiyo. Kila mwaka hori ya Tudor hupokea watu wanaokuja kupanda miche, na nimeona siku za kupanda zenye furaha kubwa, viatu vimevuliwa, watoto wamejaa tope mpaka magotini. Lakini mkoko ni mti wenye mahali pake. Mlilana ndio unaotangulia upande wa bahari, mkoko wenyewe hukaa nyuma yake, mkandaa hupanda juu zaidi ambako maji hayafiki kila siku. Mche uliopandwa mahali pasipo pake hufa, na hufa kimya, wiki kadhaa baada ya wageni kuondoka. Ukataji na maji taka ya mji vimeidhoofisha misitu ya hori zetu, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliporomosha udongo uliofukia mizizi na kuua mikoko mingi katika hori ya Mwache. Anayehitajika sana huko ni mtu wa kuhesabu: aje mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, ahesabu iliyo hai na iliyokufa, amwulize mvuvi wa pale kwa nini safu hii imesimama na ile imelala. Hakuna mpiga picha atakayekuja siku hiyo. Mwanafunzi wa uzamivu, ambaye masomo yake huchukua miaka mitatu minne, ana kitu ambacho mgeni wa Jumamosi hana, nacho ni muda.

Kwamba jambo hili linawezekana, hatuhitaji kwenda mbali. Gazi, kaunti ya Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa hapa, wanasayansi wa taasisi ya bahari ya KMFRI na wenzao wa vyuo vya nje walikuwa wakipima mikoko kwa miaka mingi. Vipimo vile vingeweza kuishia kwenye majarida. Badala yake viligeuka kuwa msingi wa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni. Fedha zinazopatikana wanakijiji huamua wenyewe zitumikeje, na zimekwenda kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kinachonigusa zaidi ya tuzo ni kwamba hesabu zilizofanywa na wasomi matopeni zilirudi kijijini zikiwa ndoo ya maji.

Katika elimu ya watoto wadogo mji wetu una mfano wake. Miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wengine. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na chini ya mwalimu aliyejulikana na wengi kama Bi Swafiya, ulianza hapa Mombasa mpango wa shule za awali katika madrasa. Jamii zilitoa nafasi, wanawake wa mtaa wakafunzwa ualimu, na vifaa vikatengenezwa kwa vilivyopo: vifuu, mbegu, makombe ya baharini, vipande vya leso. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Hakuna aliyekuja kuwaambia watu wa mtaa wavunje walichonacho. Walikuwa na madrasa, na madrasa ikawa mlango. Mwanafunzi wa elimu anayesoma leo katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, akitaka kusaidia hesabu za watoto jioni, asianze kwa kutafuta ukumbi na kuchapisha bango. Amwendee mwalimu wa madrasa, amwombe nusu saa baada ya darasa, na akubali kuambiwa aje wiki ijayo.

Zipo sehemu ambazo mwanafunzi hapaswi kuingia kwa moyo mwema peke yake. Vijana wetu waliozama kwenye unga wa kulevya, wodi za wagonjwa, watoto waliodhulumiwa: huko aende akiwa amefunzwa na akiwa chini ya mtu mwenye dhamana, au asiende. Mtu aliyeumia si mahali pa kujifunzia.

Sasa nije kwa lawama ambayo najua itanifikia, kwa sababu nimeisikia kutoka kwa wanafunzi wenyewe na wana haki. Wanasema: sisi hatuna kitu. Karo ni ya kukopa, nauli ni ya kuomba, wengi tunafundisha vipindi vya hapa na pale vyuoni na malipo hayaji kwa wakati. Na neno kujitolea limekwisha kutiwa doa. Ofisi ngapi zinamwambia mhitimu ajitolee mwaka mzima, afanye kazi kamili ya mtu wa mshahara, kwa ahadi ya kufikiriwa? Walimu wanagenzi wa shule za sekondari msingi, JSS, waliogoma 2024 wakidai ajira ya kudumu walikuwa wanaeleza uchungu huo huo. Kumwambia kijana wa namna hiyo ajitolee zaidi ni kumtwika mzigo juu ya mzigo.

Nakubaliana nao, na ndiyo maana natia mpaka. Kazi inayomchukua mtu kutwa nzima, siku tano kwa wiki, ni ajira, na anayeifanya alipwe. Anayekalia bure kiti ambacho mwenzake angelipwa kukikalia anamharibia mwenzake. Ninachokisemea ni saa mbili kwa wiki, karibu na anapoishi au anapofanyia utafiti, kazi ambayo haina bajeti wala mwenye kuifanya: barua, daftari, hesabu ya miche, kurasa mbili za Kiswahili. Na nauli ya saa hizo mbili chuo kiitoe. Si fedha nyingi, na vyuo vinajua kutafuta fedha kwa mambo yasiyo na manufaa kama hayo.

Wengine watasema basi liwe sharti, asiyejitolea asihitimu. Hapo nasita, na historia yetu ya Afrika Mashariki ndiyo inayonisitisha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga amri ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao wapatao 400, na akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kitendo hicho cha pili ndicho ninachokiheshimu zaidi katika kisa kizima, kwa sababu alikubali kwamba anayedai sadaka kwa wengine aanze yeye. Lakini amri haikuwatia vijana wale mapenzi. Kenya nayo iliwapitisha waliofuzu kuingia chuo kikuu katika mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, kuanzia 1984 mpaka yaliposimamishwa 1990. Waulize waliopitia, watakukumbusha gwaride na maharagwe. Mtu aliyelazimishwa kumtumikia jirani hujifunza kuhesabu siku zilizobaki.

Ningependa chuo kifanye mambo mawili tu. Kila tasnifu iliyotokana na watu wa mtaani iambatane na kurasa mbili za Kiswahili, au lugha ya wale waliohojiwa, na nakala yake ifikishwe pale pale data ilipotoka: kwa katibu wa BMU, kwa mwenyekiti wa kikundi, kwa mwalimu wa madrasa. Na siku ya utetezi, kabla ya maswali ya nadharia, mtahini mmoja aulize: nani huko ulikotoka amekwisha kuisikia kazi hii, na alikukosoa wapi? Mwanafunzi aliyerudi atakuwa na jibu refu. Asiyerudi atanyamaza, kama ambavyo ningenyamaza mimi.

Chuo cha Tudor kina sababu ya ziada ya kutangulia. Kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kabla ya kuwa politekniki, palikuwa na MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili kwa michango ya watu: Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora, na wengine waliotoa walichonacho. Minara yake bado inasimama juu ya hori. Kila anayepita kwenye lango lile amekalishwa kwenye kiti kilicholipiwa na mtu ambaye hakumjua.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa sokoni tena. Binti mmoja, nadhani wa uzamivu, alikuwa amechuchumaa mbele ya yule mama niliyemtaja mwanzoni, tabuleti mkononi. Mama amezeeka sasa. Anayepaa samaki ni mjukuu wake. Nilisikia swali lile lile, wewe ni wa ngapi, na nilisikia binti akijibu kwamba hajui, lakini angependa kujua kuna kazi gani hapa ambayo anaweza kusaidia kabla hajauliza lolote. Mama alimtazama kitambo. Kisha akamwelekeza kwa kidevu kwenye rafu, palipokuwa na mfuko wa plastiki.

"Shusha hilo daftari," akamwambia. "Kesho kutwa ni bamvua, maji yatapwa saa nne. Wanawake wakitoka mwambani na pweza wao, uwe umekaa hapa, uandike."